Kiapo cha Mgombea Mwenza

Tangu wazee watangaze kwamba kiti cha naibu gavana safari hii kitakwenda kwa ukoo wa akina Keynan, na ukoo ukamteua Keynan mwenyewe, mji wa Garissa uliacha kazi zake na kugeuka bodi ya mitihani. Kila mwenye simu alikuwa mtahini. Wauza miraa walijadili digrii yake, madereva wa tuktuk walijadili umri wake, na wanaume ambao hawajawahi kusoma hata karatasi ya dawa wanazomeza walikaa vibarazani wakiulizana kama chuo alichosoma kinatambuliwa. Fowsiya, mkewe, aliyasikia yote hayo akiwa katika duka lake la vitambaa pale Soko Mugdi, na kila siku iliyopita alizidi kuwadharau.

Alikuwa na sababu. Katika kelele zote zile hakuna hata mmoja aliyeuliza jambo la maana. Keynan alikuwa afisa wa maji kwa miaka mingi. Alikuwa amelala ndani ya magari kule Hulugho akisimamia mabwawa ya kunyweshea ngamia, na alijua kisima kipi cha Fafi kina maji ya chumvi na kipi kimefukiwa na mchanga. Mtu wa namna hiyo angeweza kuulizwa maswali mazuri sana. Badala yake waliuliza mama yake ni wa ukoo gani, kwa nini hana kitambi kama viongozi wengine, na kama mwanamume anayeonekana sokoni amembeba bintiye begani ana sura ya uongozi.

Wazee nao hakuwaacha. Kiti kiligawiwa ukoo kwanza, ndipo ukoo ukaanza kutafuta mtu wa kukikalia, kama mtu anayenunua tandiko halafu akatoka kwenda kutafuta punda. Kwamba safari hii tandiko lilimpata punda mwenye akili, Fowsiya aliona ni bahati tu, na wazee walijipongeza kwa hekima ambayo hawakuwa nayo.

Lakini wa kudharauliwa kuliko wote alikuwa Bulle. Bulle ndiye aliyekuwa mgombea mwenza wa upande wa pili. Alikuwa amepita katika vyama vingi hata watoto wa mtaani walikuwa wanacheza mpira wamevaa fulana zake za zamani, kila mmoja rangi yake. Hakuna aliyejua kazi yake hasa. Alikuwa mtu wa kuonekana, wa mbele kwenye mazishi na wa mbele kwenye harusi, na akishika kipaza sauti haachi mpaka anyang'anywe. Ukimuuliza atafanya nini akipata kiti, atakueleza Keynan ana ubaya gani.

Bulle alianza na digrii. Alipoonyeshwa digrii akahamia kwenye ukoo. Ukoo uliposhindwa kumchafua mtu, akatoa lile alilokuwa amelificha. Sauti yake ilizunguka katika simu za mji mzima kabla jua halijawa kali. "Hiyo mtu ni mkimbizi," alisema. "Alikula chakula ya kambi. Vidole yake iko Dadaab mpaka leo. Mnataka mkimbizi akuwe naibu gavana yenu?"

Hilo lilikuwa kweli, na hapo ndipo ulipokuwa ubaya wake.

Watu wa Bura na Liboi wote wanalijua jambo hili ingawa hakuna anayelitaja mbele ya mgeni. Ukame ulipokuwa ukimaliza mifugo, serikali ilikuwa mbali na kambi ilikuwa karibu. Familia za Wakenya, watu waliozaliwa na mababu zao kuzikwa upande huu wa mpaka, zilitembea hadi Dadaab, zikasema zimetoka Somalia, zikapanga foleni, zikaweka alama za vidole, zikapewa unga na mafuta. Wakati ule ilionekana ni jambo dogo. Miaka ikapita, watoto wakakua, wakaenda kuomba kitambulisho, mashine ikasoma vidole vyao na kuwaambia kwamba wao ni wakimbizi. Tangu hapo hawakuwa watu wa huku wala wa kule.

Keynan alikuwa mmoja wao. Mama yake, Rukiyo, ndiye aliyempeleka, mwaka ambao ng'ombe wao wote walikufa. Yeye aliokoka kwa sababu mjomba wake alimjua mtu ofisini, na jina lake likatolewa kimyakimya. Idman hakuwa na mjomba wa aina hiyo. Idman alikuwa mdogo wake Fowsiya, ametoka Liboi na kuishi nao hapo mtaa wa Bulla Iftin, msichana aliyepasi vizuri na kupata nafasi ya kusomea uuguzi, na nafasi hiyo ilikuwa imempita mara mbili kwa sababu hakuwa na kitambulisho. Kila alipokwenda kuweka vidole, mashine ilimkataa. Sasa alikuwa anapima vitambaa dukani kwa dada yake na hasemi sana.

Kwa hiyo habari ya Bulle ilipozunguka, Fowsiya hakuogopa. Alifurahi kwa kiasi fulani. Jioni ile alimpelekea mumewe chai akamwambia kwamba kesho yake kwenye mdahalo wa redio ataulizwa tu juu ya kambi, na akiulizwa aseme ndiyo. Amwambie Bulle kwamba alikuwa na njaa, kwamba yeye ni Mkenya, na kwamba nusu ya wapiga kura wa Garissa ni watu wa foleni ile ile au ndugu zao. Mtu mwenye cheo akilisema hadharani, Idman na wenzake hawataonekana tena kuwa waongo kila wanapofika kwenye dirisha la ofisi.

Keynan alizungusha kikombe mkononi. Alisema washauri wa chama wanaona jambo hilo ni hatari. Fowsiya alimuuliza washauri gani, wale vijana wa Nairobi waliokuja na viatu vya kung'aa wakauliza mto Tana uko upande gani, na Keynan akacheka, kwa sababu hata yeye alikuwa amewacheka. Mwishowe alisema ataona. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Fowsiya kumsikia mumewe akisema ataona, na hakulipenda neno lile.

Kipindi kilikuwa cha asubuhi, na kwa Kiswahili, ili maofisa na wageni wa mji nao wasikie. Fowsiya hakufungua duka. Alikaa sebuleni na Idman, na mama mkwe wake Rukiyo akiwa kwenye mkeka wake karibu na chupa ya chai, redio katikati yao.

Mwanzo ulikwenda vizuri. Keynan alieleza habari za mabwawa, akataja mahali kwa mahali, akasema lipi lilijengwa vibaya na kwa nini. Mtangazaji alimuuliza Bulle mpango wake wa maji ni upi. Bulle akasema mpango wake ni kuhakikisha maji ya Wakenya hayanywewi na wakimbizi, na hapo wafuasi wake waliojazana nje ya studio wakapiga makofi mpaka yakasikika redioni. Fowsiya alimwambia Idman kwamba mtu yule angeulizwa jina lake angejibu wakimbizi.

Bulle hakuachia hapo. Alimtaka Keynan aseme mbele ya watu kama aliwahi kuandikishwa kambini, ndiyo au hapana. Fowsiya alimshika Idman mkono.

"Mimi sijawahi kula unga wa mkimbizi," alisema Keynan, kwa sauti ambayo mkewe hakuijua. "Walioingia kambini na kudanganya ni watu wasio na heshima, na mimi si mmoja wao. Wallahi, kama niliwahi kuandikishwa hata siku moja, mke wangu ameachika talaka tatu."

Nje ya studio watu walilipuka kwa kelele, safari hii ni wafuasi wake. Mtangazaji alisema kiapo hicho ni kizito. Bulle alianza kusema kitu na kikapotea katika makelele.

Wanaume wa huko hula kiapo hicho kwa mambo madogo sana. Mtu huapa kwa talaka ili mgeni akubali kula, huapa sokoni ili mnunuzi aamini kwamba ngamia hana kikohozi, na mke yuko nyumbani anapika hajui kwamba amewekwa rehani kwa ajili ya ngamia. Fowsiya aliwachukia wanaume wa viapo tangu akiwa msichana. Keynan hakuwahi kuapa hivyo hata mara moja tangu waoane, na ni jambo mojawapo lililomfanya ampende. Leo alikuwa ameapa, na ameapa uongo, na ameapa mbele ya kaunti nzima.

Idman alikuwa ameuchomoa mkono wake. Alikuwa anaviangalia vidole vyake.

Fowsiya alimgeukia mama mkwe. "Hooyo, ulimwandikisha?"

Rukiyo alikuwa amekwishaweka kikombe chini. Angeweza kusema hakumbuki, maana alikuwa mzee na hakuna ambaye angembishia. "Nilimshika mkono mimi mwenyewe," alisema. "Alikuwa hataki. Alikuwa anaona haya. Nikamwambia kama hutaki, wadogo zako wale nini leo." Kisha akajifuta uso kwa ncha ya shash yake ya kichwani na kusema, bila kumtazama mtu, kwamba mwanawe amemwita yeye mtu asiye na heshima.

Keynan alirudi alasiri na msafara wa magari yakipiga honi. Alikuwa anacheka, shati limemganda mgongoni kwa jasho, mkono umevimba kwa kusalimiwa. Alimkuta Fowsiya amesimama mlangoni. Kando ya mlango palikuwa na begi lake la safari, lile la Hulugho, na mto wake wa kulalia juu yake.

"Keynan, nimeachika," alimwambia.

Alicheka kwanza. Alisema ile ni siasa tu. Alipoona hacheki naye, akamsogeza pembeni watu wasisikie, akamwambia kwamba Bulle alikuwa amembana na hakuwa na njia nyingine, na kwamba maneno ya redioni hayana uzito wa maneno ya nyumbani.

"Ulisema tatu," alisema Fowsiya. "Na ulijua ni uongo ulipokuwa unasema."

"Nani mwingine anajua?"

Swali hilo ndilo lililommaliza Keynan machoni pa mkewe. Hakuuliza ni halali au haramu. Hakuuliza watafanya nini. Aliuliza ni nani anayejua, kama mwizi anayehesabu madirisha. Fowsiya aliwahi kuwadharau watu wengi katika wiki zile, lakini hiyo ilikuwa dharau ya kupita njia. Hii ilikuja ikakaa.

Alimwambia kwamba mama yake anajua, na yeye anajua, na Mungu anajua, kama hao watamtosha. Keynan akaona ni afadhali apoe. Alimshauri, kwa upole wa mtu anayempanga mwenzake, aende kwa kaka yake Liboi kwa muda, mpaka uchaguzi upite, halafu watalirekebisha. Fowsiya alimkumbusha kwamba mwanamke aliyeachwa hukaa eda katika nyumba aliyoachiwa. Sheria ilikuwa wazi na hata watoto wa madrasa wanaijua. Yeye hatoki. Anayetoka ni aliyeapa.

Kwa hiyo mgombea mwenza wa ugavana alichukua begi na mto wake, akaenda kulala katika ofisi ya chama.

Fowsiya hakumwambia mtu hata neno moja. Hakuhitaji. Duka alimwachia Idman. Jioni hakuchoma uunsi, ule ubani wa nyumbani, na katika mtaa ambao kila nyumba yenye mume hunukia saa ile, nyumba isiyonukia hujulikana. Wanawake walianza kuja mmoja mmoja, wanauliza chumvi, wanauliza habari za watoto, macho yao yanazunguka chumba. Walimkuta amekaa amevaa nguo zake za kawaida, hana hina, hana dhahabu. Raho, jirani wa mlango wa pili, alishindwa kujizuia akauliza ni nani aliyefariki. Fowsiya akamwambia hakuna aliyefariki, yeye anakaa eda tu. Raho aliinua vidole vyake akapiga hesabu fupi kichwani, akakumbuka redio, akaaga kabla hajamaliza chai.

Kufikia kesho yake mji ulikuwa umesahau digrii, umesahau mabwawa, umesahau hata kambi. Mjadala mzima wa sifa za naibu gavana ulihamia kwenye godoro. Watu wazima wenye ndevu walijadili mgombea amelala wapi. Wafuasi wa Keynan walisema mke ni mgonjwa, wakasema amekwenda Nairobi, wakasema mila zinamtaka mgombea ajitenge wakati wa kampeni, mila ambayo haikuwa imesikika kabla ya asubuhi ile. Bulle naye alipata kazi ya kufanya. Alisimama juu ya gari karibu na msikiti mkuu akasema hataki maneno mengi. Kama kiapo cha Keynan ni kweli, basi aende alale kwake.

Vijana wakaifanya kuwa wimbo. Alale kwake, alale kwake. Watoto wa shule walipita nao barabarani, na mabinti wawili wa Fowsiya wakaujifunza kabla ya kujua unamhusu nani.

Bulle alifika mwenyewe nyumbani siku hiyo hiyo, pamoja na kijana wa kamera. Alibisha kwa adabu ambayo si yake, akamwita Fowsiya abaayo, yaani dada, akasema amekuja kumpa pole na kumpa nafasi ya kusema ukweli wake, dakika moja tu, mbele ya kamera. Fowsiya alimsikiliza kutoka nyuma ya pazia. Alimuuliza akishasema ukweli wake, Bulle atawafanyia nini wale walioandikishwa. Bulle akasema hao ni suala la usalama wa taifa.

Kabla Fowsiya hajamjibu, Rukiyo alijiinua kwenye mkeka wake akaja mlangoni. Alimtazama Bulle kwa muda mrefu, kama anayetafuta mtoto ndani ya uso wa mtu mzima.

"Wewe ni wa Bishara," alisema. "Mama yako Bishara alikuwa mbele yangu kwenye foleni. Ulikuwa unalia, unataka uji kabla wenu haujaiva. Nikakupa wa mwanangu."

Kijana wa kamera aligeuka kumtazama bosi wake. Bulle alisema bibi amezeeka na anachanganya watu. Lakini aliondoka haraka, na kwenye ngazi kandambili moja ikamtoka, akaiacha. Fowsiya aliisukuma nje kwa ncha ya fagio.

Watu wa chama sasa wakamjia kwa dini. Siku iliyofuata, baada ya sala ya alasiri, Keynan alikuja na Sheikh Aweys, mtu mpole aliyewafungisha ndoa. Chama kilikuwa kimeona kwamba likipatikana neno la sheikh, mgombea atarudi kwake na Bulle atafunga mdomo. Fowsiya aliwaweka barazani, yeye akakaa ndani ya mlango na mama mkwe wake. Keynan alieleza kwa kirefu. Alisema kiapo cha hasira si kiapo, na kiapo cha kulazimishwa si kiapo, na kwamba nia yake haikuwa kuacha. Alizungumza vizuri. Siku zote alizungumza vizuri, na Fowsiya alishangaa kwamba zamani jambo hilo lilimpendeza.

Sheikh Aweys alimwacha amalize. Kisha akamuuliza swali moja tu.

"Uliandikishwa, au hukuandikishwa?"

Keynan alimtazama sheikh, akautazama mlango, akatazama mikono yake. Akisema hakuandikishwa, mama yake yuko hatua chache kutoka hapo. Akisema aliandikishwa, hana mke. Sheikh akauliza tena kwa sauti ile ile. Alipoona hapati jibu, alisema yeye hawezi kutia mkono wake juu ya jambo ambalo mwenyewe hataki kulisema, na akaomba maji ya kunywa.

Ndipo Fowsiya aliposema. "Sitaki urudi ili unipate, Keynan. Hunipati tena, unajua hivyo. Uliwaita watu wa foleni watu wasio na heshima. Mama yako yuko hapa. Idman yuko dukani, hana kitambulisho, na wewe unacho. Rudi kule ulikosema, useme."

"Nitapoteza kiti," alisema Keynan.

"Basi kipoteze."

Aliondoka bila kuaga. Fowsiya hakutegemea kitu kutoka kwake baada ya hapo, na hata alianza kuona ni rahisi hivyo. Mtu usiyemtegemea hana cha kukuvunjia. Aliosha vikombe, akawalaza mabinti, akamsikiliza Rukiyo akisali kwa muda mrefu kuliko kawaida.

Jumamosi kipindi kilekile cha redio kilirudi. Idman ndiye aliyepiga simu kutoka dukani kusema wafungue haraka. Mtangazaji alikuwa amekwishamaliza salamu, na Keynan alikuwa studioni peke yake, hana Bulle, hana washauri.

Alisema jina lake na jina la baba yake. Akasema alidanganya. "Mwaka wa ukame mama yangu alinipeleka kambini, nikaweka vidole, tukapewa unga, na wadogo zangu wakala. Mimi ni Mkenya wa Bura. Aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni alikuwa Mkenya, na aliyekuwa mbele yangu vilevile. Mimi nilitolewa kwa sababu nina mjomba. Wengi hawana mjomba. Mama yangu ana heshima kuliko mimi." Mtangazaji akadhani amemaliza akaanza kuingia, lakini Keynan akaendelea. "Na kiapo changu kilikuwa cha uongo. Kwa hiyo mke wangu ameachika. Msimuulize yeye kitu. Yeye ndiye aliyesema kweli bila kufungua mdomo."

Simu zilianza kuingia kabla hajavua vipokea sauti masikioni. Mwanamume wa Liboi alisema hata yeye. Mwanamke aliyesema yuko Bura alilia akataja wanawe wote walionaswa na mashine ya vidole. Mwalimu mmoja, karani mmoja, kijana aliyekuwa ameimba alale kwake, wote walisema hata mimi, na mtangazaji akayaruka matangazo ya biashara ili wazidi kusema. Wale wale waliokaa vibarazani wakipima digrii ya watu walikuwa wanashindana sasa nani alipanga foleni siku nyingi zaidi. Kufikia adhuhuri ilikuwa wazi kwamba Keynan hatapoteza kiti chochote kwa ajili ya kambi. Hakuwahi kuwa katika hatari ya kukipoteza. Angesema ndiyo siku ya kwanza, kama alivyoambiwa akinywa chai ya mkewe, angekuwa amelala kwake usiku ule na naibu gavana baada ya uchaguzi.

Rukiyo alikuwa analia kwa furaha, anamshukuru Mungu, anasema mwanawe amerudi. Fowsiya aliitafuta ile dharau yake pale ilipokuwa imekaa siku zote hizo. Haikuwapo. Angefurahi ibaki, maana palipokuwa dharau palikuwa panauma sasa.

Keynan alikuja jioni, peke yake, bila msafara. Hakuingia. Alisimama nje ya geti, na mabinti wakatoka mbio wakamkumbatia miguu, mmoja wao bado anaimba ule wimbo. Fowsiya alisimama nyuma ya mlango, amejifunika, ambapo angeweza kusikia bila kuonekana.

"Ulinisikia?" aliuliza Keynan.

"Nilisikia."

"Jumatatu nitakwenda na Idman ofisi ya vitambulisho mwenyewe. Waniulize mimi."

"Nenda naye," alisema Fowsiya.

Keynan aliendelea kusimama. Huyo ndiye mtu ambaye Fowsiya alimtaka aende redioni siku ile ya kwanza, huyu hasa, mwenye sauti hii. Amempata, na si mumewe. Hata kumtazama vizuri usoni hakuwa na ruhusa tena. Alibana shash yake mdomoni mpaka akaweza kusema.

"Hooyo," alimwita Rukiyo ndani. "Mpelekee chai pale nje. Umpe kwa vikombe vya wageni."